Nani Anatutumia Nyimbo za Paka

9 Januari

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na huyo mumeo mdogo, mwanangu Bwana Mkubwa, na kwamba paa la sebuleni limeacha kudondosha maji juu ya piano. Mimi sijambo. Chumba nimepata ghorofa ya tatu, juu ya duka la mikate, kwa hiyo asubuhi naamshwa na harufu na mchana kutwa nasikia njaa kwa sababu yake. Jirani wa kulia anajifunza tarumbeta. Wa kushoto anajifunza kuvumilia, kama mimi.

Mama, nimeyafikiria sana uliyoniambia juu ya simu. Ulisema kila nikipiga, mtoto anajikunyata chini ya meza ya simu mpaka chakula kinapoa, na kwamba ni heri nisipige kwa muda. Nililia, lakini nimekubali. Wewe ndiye unayemwona. Basi badala ya simu nitatuma nyimbo. Mwalimu wangu wa utunzi hapa chuoni anataka kila mwanafunzi amalize masomo na mkusanyo wa nyimbo za piano na sauti moja. Mimi nimeamua zangu ziwe za kubembeleza watoto, na zote ziwe za paka. Wenzangu wanatunga juu ya vita na dhoruba, kwa hiyo unaweza kufikiria walivyocheka.

Ya kwanza hii hapa. Ipige polepole, wewe mwenyewe utajua:

Paka hataki kulala,
asema macho mazima;
moja tayari lalala,
la pili linatazama.

Mwimbie anapolala mchana. Na kila mara kabla hujaanza, mwambie: wimbo huu ametunga mama yako. Ombi langu ni hilo tu. Niliondoka hajafikisha miaka miwili, na kumbukumbu ya mtoto wa umri huo ni mfuko uliotoboka. Nataka nikirudi mwezi wa sita anijue.

Mwanao.


27 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Paa halijaacha. Nimesogeza piano nikaweka beseni, na sasa wanafunzi wangu wanafanya mazoezi yao huku maji yakidondoka. Mmoja nimemwambia alifuate beseni, maana linashika mapigo kuliko yeye. Mume wangu anakula vizuri. Viatu amevikataa, ameamua kwamba viatu ni vya wageni.

Wimbo umefika. Nitakwambia ukweli kwa sababu nilikufundisha mwenyewe, na aibu yako ni yangu: mkono wa kushoto una maneno mengi. Mtoto anatafuta usingizi, wewe unampandisha na kumshusha kama watu wanaohamisha makabati. Huo si wimbo wa kulaza mtoto, ni wa kuamsha jirani. Nimezipunguza noti kwa kalamu nyekundu, nakurudishia nakala uone. Sauti ya juu ni nzuri. Siendelei, usije ukavimba kichwa.

Pale penye "moja tayari lalala" alifumba jicho moja kwa kidole akaniangalia kwa lililobaki. Akaomba nirudie. Niliporudia mara ya pili hakuumaliza, usingizi ulimchukua mdomo wazi.

Kula. Unalala juu ya duka la mikate halafu unaniandikia habari za njaa.

Mama yako.


15 Februari

Mama,

Shikamoo. Nafurahi mnaendelea vizuri. Huku mwenye nyumba ameniazima zulia, na jirani wa tarumbeta amepata mafua, Mungu anisamehe kwa furaha niliyonayo.

Mkono wa kushoto sitaupunguza. Mwalimu wangu ameusifu. Amesema ndio unaomfanya paka awe paka, kwa sababu paka hata akilala kuna kitu ndani yake kinatembea. Lakini nimeondoa noti zile nne za mwisho. Usiseme umeshinda.

Nimekutumia wa pili. Huyu ni fundi:

Paka fundi cherehani
ampima panya koti;
"Mbona tepu mdomoni,
na udenda haukati?"

Mwalimu anasema nikifikisha nyimbo saba, chuo kitaziweka katika onyesho la mwisho ukumbini, na mwimbaji wa kweli. Nilitoka ofisini kwake miguu haigusi chini.

Ila mama, barua yako ilinieleza jicho, kidole na mdomo wazi, haikunieleza lile nililoliomba. Ulimwambia ni mimi niliyetunga? Alisema nini? Hata kama hakusema kitu, niambie kwamba hakusema kitu.

Mwanao anayesubiri.


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Usinuniane nami kwa kuchelewa. Mume wangu alipata homa akanifanya nisikanyage nje, na ilipomtoka ikaja kwangu, maana tunagawana kila kitu. Sasa tumepona wote. Ameongezeka urefu. Suruali zake zimekuwa za kuvukia mto.

Fundi cherehani amependwa mno. Kila anayeingia hapa kwa somo lazima apimwe koti kwa kamba ya pazia. Baba wa mwanafunzi mmoja alisimama na mikono juu kama aliyekamatwa na askari. Kuhusu muziki wenyewe, ubeti wa pili unahama ufunguo wa sauti bila kuaga. Mlango ufungwe kwanza, ndipo mtu aondoke. Nimeweka alama.

Ana maswali mengi, na ameniagiza nikuandikie kama alivyosema. Mimi nimesomesha imla miaka mingi, siongezi wala sipunguzi. Anauliza: huko kuna panya wa kutosha? Na wakati wa baridi mkia unauweka wapi?

Nami nina langu moja. Mwezi wa sita unakuja mwanzoni au mwishoni? Nataka kujua ili nipake rangi chumba chako.

Mama yako.


2 Aprili

Mama,

Shikamoo, na poleni kwa homa. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta, yule mwenye tarumbeta, hebu fikiria. Huyu mtoto amenirithi mimi akili na wewe ukali. Mwambie hivi: panya wapo, lakini wa huku wamesoma sana, hawakamatiki ovyo. Na mkia wakati wa baridi naufunga shali. Akiuliza shali la rangi gani, mwambie jekundu.

Ndani kuna wa tatu, wa paka aliyemshitaki mwezi kwa kosa la kumulika masharubu yake bila ruhusa. Hakimu ni bundi, amelala kesi nzima. Mlango nimeufunga kabla ya kuhama ufunguo, mwalimu wangu wa kwanza asije akaniumbua. Wa nne nao umekaribia.

Ukumbini wameweka taa mpya. Nilisimama jukwaani peke yangu mchana, nikapiga kofi mara moja nisikie sauti inavyorudi. Inarudi vizuri, mama. Ungefurahi.

Mtu akipatikana wa kuleta mzigo huku, naomba lile koti langu zito la kahawia, liko kabatini nyuma ya magauni.

Bado hujanijibu kama umemwambia.

Mwanao.


29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima. Koti nimelipata, limeliwa na nondo kwenye kwapa, nimelishona. Sijaona mtu wa kulileta.

Ulisema habari za taa mpya za ukumbini, ukasema za bundi na mwezi, ukasema za koti. Nilikuuliza mwezi wa sita mwanzoni au mwishoni. Kichwa changu bado kinafanya kazi, mwanangu, na barua yako nimeisoma upande wa mbele na wa nyuma.

Rangi nimeshanunua. Nyeupe.

Wimbo wa mwezi ni mzuri kuliko yote. Sikupata pa kuweka kalamu nyekundu, na nilitafuta.

Mume wangu anataka nikuandikie ujumbe wake. Nimekaa na kalamu nusu saa nzima nikifikiria kama niuandike. Nimeuandika kama alivyousema, nawe usome kama ulivyo: "Paka, njoo ulale kwetu. Usiogope. Mama amesema kuna nafasi."

Mama yako.


11 Mei

Mama,

Shikamoo.

Mama yupi?

Nimeusoma ujumbe wa mwanangu mpaka karatasi imelegea. "Paka, njoo ulale kwetu." Nilidhani tunataniana. Nilimjibu habari za mkia na shali nikidhani ananichezea mimi, mama yake, kumbe nilikuwa natia udongo kwenye shimo ninalochimbiwa. Anadhani mimi ni nani? Nani alimwambia nyimbo hizi zinatoka kwa paka? Na huyo mama aliyesema kuna nafasi, ni nani huyo ndani ya nyumba yetu?

Nilikuomba kitu kimoja tu. Sikukuomba unionee huruma wala unisahihishie noti. Nilikuomba useme maneno matano kabla ya kupiga piano.

Nijibu hili, na usiniletee habari za mkono wa kushoto. Leo situmi wimbo.

Mwanao, kama bado ni hivyo.


18 Juni

Mwanangu,

Marahaba, ingawa uliisalimia karatasi, si mimi. Mtoto ni mzima. Fundi wa paa alikuja, akaliangalia, akasema ni kazi kubwa, akaondoka na mwavuli wangu.

Barua yako imekaa ndani ya kiti cha piano muda mrefu. Kila nikiketi nasikia nimeikalia. Uliniuliza, nami nakujibu. Ndiyo, anadhani nyimbo zinatumwa na paka. Ndiyo, ananiita mama.

Wimbo wa kwanza ulifika siku ambayo alikuwa chini ya meza ya simu tangu asubuhi. Wewe ulikuwa umeacha kupiga, lakini yeye nani alimwambia? Alikuwa anasubiri. Nikamtoa kwa hila ya piano. Nilipomaliza akauliza, "Nani ametutumia?" Nikafungua kinywa niseme mama. Sijasema bado, nikaona kidevu kinaanza kutetemeka, kwa sababu neno hilo kwake lilikuwa na maana moja, kwamba mtu hayupo. Nikasema paka. Akacheka. Alikuwa hajacheka kitambo. Hebu niambie, ungekuwa wewe ungefanya nini? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hilo la kuniita mama sikumfundisha. Wanafunzi wote wananiita hivyo, na yeye ana masikio. Mwanzoni nilimsahihisha. Siku moja akaanguka uani, akaja mbio goti limechubuka, akaniita mama huku analia, na sikumsahihisha. Sitakudanganya. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona haya, nikaenda kuosha vyombo visafi.

Sasa na mimi nina swali. Leo ni mwezi wa sita. Chumba kimepakwa rangi, kimekauka, na harufu imeshatoka. Mtu anayerudi mwezi wa sita haagizi koti zito mwezi wa nne. Nililishona lile koti nikijua. Unanituhumu nimemficha mtoto mama yake. Na wewe umemficha nini mama yako?

Mama yako.


5 Julai

Mama,

Shikamoo, safari hii kwa wewe mwenyewe.

Mficha maradhi kilio humfichua. Ni kweli. Chuo kilinipa nafasi ya mwaka mwingine, nami nilikubali tangu mwezi wa tatu. Kila nikianza kukuandikia, kalamu inakwenda kwenye taa na mabundi. Niliogopa utasema nimemtupa mtoto. Niliogopa zaidi kwamba utasema sawa, baki huko, sisi tunatoshana.

Lakini mama, yangu na yako hayalingani. Mimi nilikuficha tarehe. Wewe ulimpa mwanangu mama mwingine. Umenieleza ya kidevu na ya goti, nimeyasoma nikalia, nikainuka bado nina hasira. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi wa huyu ni mimi. Usiku ule alipozaliwa ulikuwa umenishika mkono, huwezi kuwa umesahau.

Nyimbo zimetimia saba. Zitaimbwa ukumbini katikati ya mwezi wa nane, na baada ya hapo naja. Siji kutembea. Naja kumchukua. Mwenye nyumba amekubali kitanda kidogo, na mke wa mwoka mikate atakaa naye nikiwa darasani, ana wajukuu wake hapo hapo. Nimeshapanga.

Mwambie ukweli kabla sijafika. Sitaki kuingia mlangoni mwanangu anatafuta mkia.

Mwanao.


30 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimemwambia.

Nilimketisha kwenye kiti cha piano, yeye upande wa noti za juu, mimi za chini. Nikamwambia, "Zile nyimbo hazitumwi na paka. Zinatoka kwa mama yako. Yuko mbali anasoma, na anakuja." Alikuwa anakula ndizi. Akatafuna mpaka mwisho, anafikiri. Akasema, "Kwa hiyo mama yangu ni paka." Nikamwambia hapana, ni mtu, ana mikono, alikuzaa. Akaniangalia. "Na wewe ni nani?" Nikasema, mimi ni bibi. Akauliza, "Bibi wa nani?"

Nilisomesha watoto wa watu maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali nikakosa pa kulishika. Nikamjibu, "Wako." Akasema haya, akashuka kwenye kiti. Tangu jana anamwambia kila anayepita kwamba mama yake ni paka na anakuja kwa treni. Nimejitahidi. Zaidi ya hapo utamwonyesha mwenyewe.

Sasa nisikilize. Usimchukue. Maliza mwaka wako, mimi nitamwambia kila siku kwamba wewe ni mama yake, nitaiweka picha yako juu ya piano, nitakuwa bibi kuanzia mlangoni mpaka jikoni. Lakini usimwondoe. Hapa ana kitanda chake, ana uani, ana watu anaowapima makoti. Huko atakuwa na mwoka mikate na ngazi. Unajua fimbo ya mbali haiui nyoka. Nami nikishakuwa mbali nitamfaa nini?

Nilitaka kuandika kwamba sikuombi, nakushauri tu kama mtu mzima. Nimeifuta sentensi hiyo. Nakuomba.

Mama yako.


2 Oktoba

Mwanangu,

Natumaini wewe na mtoto mlifika salama, na kwamba umepata nafasi ya kupumzika kabla ya masomo. Hapa hakuna jipya. Mvua zimepungua. Wanafunzi wawili wameacha, mmoja ameanza, ana vidole vizuri na hana subira.

Sikusema neno pale stesheni kwa sababu ningesema moja tu, nalo lingeharibu. Aliponipungia mkono alidhani nitapanda behewa la nyuma. Nimelifikiria sana hilo behewa la nyuma.

Chumba cheupe nimekifunga. Kamba ya pazia nimeirudisha kwenye pazia. Mchana, saa ile ya kumlaza, naketi kwenye piano na sipigi. Mwanafunzi aliyewahi mapema alinikuta hivyo akadhani naumwa. Nilimwambia nasikiliza paa.

Anakula? Usimlazimishe viatu.

Ulipokuwa hapa hatukuzungumza sana. Tulikunja nguo. Sikukwambia kwamba nyimbo zako saba ni kazi ya mtu mzima, na kwamba mkono wa kushoto wa ule wa kwanza ulikuwa sawa tangu mwanzo. Mimi nilitaka uwe mwepesi ili niuweze kwa vidole hivi vyangu. Sasa nimekwambia.

Nimetunga mmoja, usinicheke. Mkono wa kushoto una noti moja tu, inarudi na kurudi:

Paka yuko mlangoni,
haingii, na hatoki;
amesahau ni nini
alichotaka, hacheki.

Mwimbie ukiona inafaa. Na kama jina langu litamliza, usilitaje. Mwambie ametuma yeyote yule unayeona atamfaa. Sitachukia. Nani awe na haki ya kuchukia, mimi?

Mama yako.


21 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Sisi ni wazima wa mwili. Mke wa mwoka mikate anakusalimu bila kukujua, anasema aliyemlea mtoto huyu alimfundisha kusema asante. Viatu amevaa siku ya tatu, kwa hiari yake, kwa sababu ya ngazi baridi.

Nitakuandikia yote, maana ya kufichana yametutosha.

Wiki ya kwanza kila mlango ulipofunguka aliita mama, na nilipoingia aliniambia, "Si wewe." Hakusema kwa ubaya. Alinisahihisha tu, kama mtu anayemwambia mgeni kwamba nyumba siyo hii. Ananipenda, mama, kwa namna yake. Ananipa nusu ya mkate wake. Anapenda niimbe. Lakini akiumia anakuita wewe, anapita mbele yangu na goti lake na kwenda kusimama mlangoni. Nilikuwa nimebeba hasira yangu toka mwezi wa tano nikijua siku moja nitakutwisha. Nimesimama nyuma ya mtoto pale mlangoni nikiwa sina pa kuiweka.

Wimbo wako ulifika siku ya Jumanne. Piano sina chumbani, kwa hiyo niliimba nikigonga noti yako ile moja juu ya meza kwa kidole. Nilipomaliza akauliza, "Nani ametutumia?"

Mama, nilifungua kinywa, na neno lililokuwa limeshafika ulimini lilikuwa paka. Nilikuwa naliona lenyewe linavyofaa. Angecheka. Tungekula, tungelala, na kesho angeniuliza habari za masharubu. Nilikuwa na ruhusa yako kwa maandishi.

Nikasema, "Bibi. Bibi yako ametunga, yule aliyekulea." Alilia mchana mzima. Alijibana kati ya kitanda na ukuta, na nilipotaka kumshika alinisukuma kwa miguu miwili, na viatu vyake. Nikaketi sakafuni karibu naye nikalia na mimi, na jirani wa tarumbeta, nakwambia kweli, aliacha kupiga.

Siku ya pili alikuulizia asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tatu, asubuhi na jioni. Leo amekuulizia asubuhi tu, akanywa uji, halafu akaniambia, "Mama, twende tukaone mkate." Mimi. Aliniambia mimi. Ndilo neno nililolililia mwaka mzima, na nilipolisikia nilishika ukingo wa meza. Nilimwangalia anashuka ngazi ameshika mkono wangu, hajageuka nyuma, nikaona jinsi ilivyokuwa kwangu mimi. Hivi ndivyo nilivyosahaulika. Si kwa ubaya wako, mama. Mtoto anakunywa uji tu, siku inapita.

Sitaki akufanye hivyo. Wanafunzi wape likizo, nyumba ifunge. Kitanda changu kinatosha watu wawili wasiogombana, na sisi tutagombana, lakini tutatosha. Usingoje nimalize mwaka, usingoje kualikwa vizuri zaidi ya hivi. Akiniuliza unakuja lini nataka nimtajie siku, na bado anauliza. Njoo, mama. Njoo kabla hajazoea.

Mwanao.